Njia ya Kwenda kwa Fundi

Shilingi elfu tano ndiyo bei yangu ya kumwingiza mtu kwenye ramani ya simu, na karibu kila ninapoitaja huku Shighatini, kijijini Ugweno, naulizwa: kwani mimi nimepotea? Anayeuliza ana haki. Amechomelea vyuma kando ya barabara ileile kwa miaka, mkewe anaimba kwaya ya usharika, na mtoto yeyote anayetoka shule atakufikisha kwake bila kudai pipi. Hapa kijijini hajapotea. Amepotea kwa mtu aliyeko Mbezi au Tegeta anayewajengea wazazi wake nyumba huku mlimani, anayetaka grili za madirisha ziwe zimefungwa kabla ya Krismasi, ambaye akiandika kwenye simu “fundi madirisha Ugweno” analetewa karakana za Moshi.

Nina steshenari Mwanga mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najaza fomu za mikopo ya wanafunzi, na nikipata nafasi napanda mlimani na simu yangu pamoja na chaja ya akiba. Wazee ninaowaandikisha hawajibu maswali kwa mkato. Ukimuuliza mzee wateja wake hutoka wapi, anaanza na babu yake, na ukiwa na subira utagundua kwamba amekujibu vizuri kuliko ulivyouliza.

Kabla Mjerumani hajaja, mgeni aliyepanda milima ya Pare Kaskazini kutafuta cha kununua mara nyingi alikuwa anatafuta chuma. Ugweno ilijulikana kwa chuma kuliko kwa kitu kingine. Mchanga mweusi wenye madini ulichotwa kwenye vijito, ukaoshwa, ukayeyushwa kwa moto wa mkaa huku mivukuto ya ngozi ikipuliza bila kupumzika, kisha bonge likagongwa hadi likawa jembe, shoka au mkuki. Wachaga, ambao mlima wao una karibu kila kitu, walikitegemea chuma hicho. Wahunzi wao walikinunua na kukifua upya kwao, na baadhi ya mikuki iliyotoka hapo iliishia mikononi mwa Wamasai. Moshi na Upare walikuwa na biashara ya vyuma kabla hakujakuwa na Moshi mjini.

Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo. Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu aliyezunguka akikusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha kitabuni mwaka 1969, anaeleza kwamba wahunzi wa Kishana ndio waliokuwa na nguvu Ugweno mpaka ukoo wa Wasuya ulipowapindua, tukio analoliweka katika karne ya 16. Baada ya mapinduzi hayo Mranga, mtawala wa Kisuya, alipanga upya nchi nzima: mabaraza, machifu wadogo, jando la pamoja. Wasuya wakakalia kiti, nyundo wakawaachia Washana.

Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa nimekaa kwenye Noah nasubiri abiria wajae. Mtawala mpya angeweza kusema kuanzia leo chuma ni chetu. Mimi nadhani hakuwa na haja. Kufua chuma ni kazi ya jasho na ya siri nyingi, na mhunzi mwenyewe aliogopwa, laana yake haikuchezewa. Aliyetawala njia, mikutano na amani ya nchi alikuwa tayari amekaa kati ya mhunzi na mteja wake, akivuna bila kushika mvukuto.

Mhunzi hakuwa na kibao wala hakukihitaji. Jina la ukoo lilitosha. Ukimtaja Mshana ulikuwa umeshataja kazi. Leo kuna kina Mshana madaktari, madereva na wahasibu, lakini muulize Mpare yeyote wa umri wangu jina hilo linamkumbusha nini. Mgeni wa mbali alihitaji zaidi ya jina, kwa sababu kupanda milima ya watu peke yako ukiwa na mbuzi au shehena ya kubadilishana kulikuwa ni kujitafutia msiba. Alihitaji mwenyeji. Mara nyingine walikuwa wamechanjiana damu, wakawa ndugu, na ndugu huyo ndiye aliyempitisha, akamlaza, akamfikisha kwenye moto wa mhunzi. Nina hakika hakurudi nyumbani mikono mitupu. Huyo mwenyeji nimekutana naye tena na tena katika historia hii, akiwa amebadilisha nguo.

Wa kwanza aliyeigeuza kazi ya mwenyeji kuwa utajiri mkubwa hakuwa Mpare, alikuwa jirani yetu. Mfalme wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai, alifariki mwaka 1862. Kiti cha Vugha, juu mlimani, kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Mwana wa Kimweri, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, chini, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani na kufuata bonde la Ruvu kuelekea Upareni na Kilimanjaro. Vugha palikuwa na heshima na matambiko. Mazinde palipita pembe za ndovu, nguo, baruti na watumwa, na kila msafara ulihitaji chakula na usalama. Haikuchukua miaka kumi Semboja akaiangusha Vugha. Hakuwa na bidhaa yake mwenyewe hata moja ambayo wengine hawakuwa nayo. Alikuwa na mahali.

Watu wa milimani wote walilielewa somo hilo, na wengi walilielewa kwa kilio, maana msafara ulionunua mahindi leo ungeweza kesho kununua mtoto. Kwa miongo mingi kuonekana na wateja kulikuwa hatari. Vijiji vilikaa juu, nyuma ya misitu, na njia zilifichwa. Ninapomwona bibi anasita kunipa namba yake ya simu niiweke “hadharani”, simcheki.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ilifika Moshi mwaka 1911. Ilipita tambarare, chini ya milima, ikazaa Same na Lembeni, na kwa kufanya hivyo ikaiteremsha biashara yote ya Upare kutoka mlimani. Waliokuwa juu sasa walikuwa mbali na kitu ambacho hakikuwapo jana. Duka la Mhindi likakaa karibu na stesheni. Ndizi, maharage na baadaye kahawa vilishuka vichwani mwa wanawake na kwenye migongo ya punda, na bei ilijulikana ukishafika chini, umechoka na jua limeshapanda, huna nguvu ya kurudi na mzigo. Kwa majembe hali ilikuwa mbaya zaidi. Jembe la kiwandani kutoka Ulaya lilishushwa kwenye behewa likiwa rahisi kuliko kazi ya siku kadhaa ya tanuri na mkaa. Uyeyushaji ukafa, na kilichobaki ni wahunzi waliofua upya vyuma chakavu.

Shighatini yenyewe ilipata mlango wa aina nyingine. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifungua kituo chao hapa mwaka 1900, na kwa watu wa vizazi kadhaa jina la kijiji hiki likawa ni jina la misheni: kanisa, shule, baadaye barua. Siwezi kueleza biashara ya mlimani bila kueleza sanduku la barua. Huku kwetu hakukuwa na tarishi wa kugonga mlango. Barua ilikwenda kwenye S.L.P., na S.L.P. ilikuwa ya shule, ya kanisa au ya chama. Fundi seremala aliyeandikiwa na mteja wa Tanga alipokea oda yake kupitia sanduku la mwalimu mkuu, ikasomwa pengine na mwalimu mkuu kabla yake, ikatangazwa Jumapili baada ya ibada: barua ya fulani ipo. Na hapohapo nje ya kanisa, kwenye mnada wa sadaka za mavuno, ndipo watu walipojua nani ana kuku wazuri na nani mkungu wake wa ndizi umejaa. Mnada ule bado upo. Ni tangazo la biashara lililobarikiwa.

Nisiwasahau wanaodhani watu wa milimani hawakujua kupashana habari mpaka simu ilipokuja. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni iliposhikilia kodi yake mpya ya viwango, ile iliyozua upinzani wa mbiru, maelfu ya wanaume walishuka kutoka kila pembe ya Upare wakapiga kambi Same. Hakuna aliyewatumia ujumbe kwa mkupuo. Habari zilipita njia za maji, misibani, makanisani, misikitini na sokoni. Miaka ya 1950 Upare ulikuwa hata na gazeti lake, Habari za Upare, na wasomaji wa kutosha waliotengenezwa na shule za misheni.

Sasa nifike kwenye zama ambazo mimi mwenyewe nazikumbuka. Huwa nazipenda kuliko zote kwa sababu zinavuruga kila kitu ninachowaambia wateja wangu. Mwaka 1976 serikali ilifanya Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, duka la kijiji lichukue nafasi. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Kisha ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikakauka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ya kufulia ikawa ni habari. Katika duka la kijiji hakukuwa na haja ya mteja kumtafuta muuzaji wala muuzaji kumtafuta mteja. Wote wawili walilitafuta lori la kampuni ya biashara ya mkoa. Mama yangu alijua siku ya lori kwa kuangalia mke wa katibu wa kijiji: akipita na kikapu kikubwa mapema, basi.

Katika duka lile niliona kwa macho yangu maana ya kushika mlango. Muuzaji alikuwa kijana mpole asiye na elimu kubwa. Hakuwa na mtaji, hakuwa na bidhaa, lakini wazee wa miaka sabini walimsalimia kwa unyenyekevu usio wa umri wake. Alijua kilo zilizobaki chini ya meza. Mwaka 1983 ikapita kamatakamata ya wahujumu uchumi, na wenye vipande kumi vya sabuni chini ya uvungu wakavitupa vyooni.

Aliyeufungua mlango huo kidogo alikuwa mtoto wa milima hii. Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1984, na katika bajeti ya mwaka huo watu waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na neno likawa ruksa. Mitumba ikapanda mlimani, betri zikaonekana, baiskeli zikaonekana. Vijana wetu nao wakateremka kwenda Kariakoo.

Kariakoo ndiko alikokua winga. Kwa asiyemjua, winga hana duka. Anakudaka unaposhuka kwenye daladala, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwenye duka la tatu mtaa wa pili, na unapolipa, yeye ana cha juu chake ambacho hukukiona. Watu humsema vibaya. Mimi simsemi vibaya sana, kwa sababu ana kazi halisi: Kariakoo imejaa mpaka mwenye duka zuri ghorofa ya pili hawezi kuonekana bila yeye. Lakini angalia alipokaa. Ni pale alipokaa mwenyeji wa damu, alipokaa Semboja, alipokaa mwenye duka la stesheni.

Miaka ya 1990 kulikuja wateja wa aina mpya kabisa kwa milima hii, nao hawakununua chochote cha kubeba. Shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilisaidia kuanzisha utalii wa kitamaduni katika vijiji vya Tanzania, na Usangi ikawa mojawapo, watalii wakifikia kwenye Shule ya Sekondari Lomwe na kupanda kuona msitu na mashamba. Mtalii alikuja na kitabu mkononi. Kitabu kilisema ulizia shuleni, naye akaulizia shuleni. Mama ntilie aliyekuwa nje ya kitabu angeweza kupika makande matamu kuliko yote Upareni, na Mholanzi angempita akiwa na njaa. Aliyeandika aya ile moja ya kitabu, pengine akiwa hotelini Arusha, aligawa wateja kwa miaka kumi.

Simu za mkononi sitazikalia sana, kila mtu ana hadithi yake ya kupanda juu ya jiwe fulani kutafuta mtandao. Kwangu mabadiliko makubwa hayakuwa sauti. Yalikuwa fedha. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mtoto aliyeko Dar aliweza kumlipa fundi aliyeko Shighatini bila kumpitishia mjomba, na mjomba anajua alichopoteza. Mwaka uliofuata mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kushuka bei, na polepole picha zikawa nyepesi kutuma. Geti lililochomelewa kijijini likaanza kuonekana kwenye makundi ya WhatsApp ya wana Ugweno na Usangi walioko mijini. Kundi la WhatsApp ni kama baraza la kijiji: linafaa, lakini lina mwenyekiti, na asiyeelewana na mwenyekiti geti lake halisifiwi.

Ramani ya simu ilinivutia kwa sababu haikuwa na mwenyekiti, au ndivyo nilivyoona kwanza. Mtu anaandika anachotafuta, anaonyeshwa kilicho karibu, basi. Ila ili uonekane lazima uthibitishe kwamba upo, na kwa muda mrefu uthibitisho wenyewe ulikuwa ni postikadi yenye namba za siri, iliyotumwa kwa mtaa na namba ya nyumba. S.L.P. haikukubalika. Nchi nzima tunaishi kwenye masanduku! Mtu wa mlimani aliulizwa mtaa wake, na mtaa wake ulikuwa “ukipita kanisani, shuka kwenye mfereji, nyumba yenye mparachichi”.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi. Njia za vijijini zikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikapata namba, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa NaPA. Kulikuwa na ugomvi mtamu juu ya njia ipi iitwe kwa jina la marehemu yupi. Kwangu ilikuwa neema. Na siku hizi uthibitisho mara nyingi ni kwa video: unarekodi barabara, kibao, mlango, mashine ya kuchomelea ikiwaka. Ndiyo maana ya ile chaja ya akiba.

Kazi iliyobaki ni ya mikono na maneno. Fundi ameandika kibao kwa Kiingereza kirefu, lakini mteja wake anatafuta “mageti” na “grili”, basi naandika mageti na grili. Kijiji nakiandika kwa namna zote: Wajerumani waliandika Schigatini, ramani fulani zinaandika Shigatini, serikali inaandika Shighatini, na mtu wa Tegeta huacha herufi moja bila kujali. Naweka picha za kazi aliyoifanya kweli, hata kama lile geti la kwenye kalenda ya Kichina linapendeza zaidi. Naandika saa za kazi, na naandika kwamba Jumapili amefunga, maana mteja aliyepandishwa mlima bure na bodaboda hatarudi tena, na maoni atakayoyaacha hayafutiki kwa maombi.

Kisha tunafika kwenye sehemu ya namba ya simu. Fundi mmoja, mtu mzima mwenye karakana iliyojaa, alikuwa tayari kwa kila kitu mpaka mwanawe akapiga kutoka Dar. Akanisalimia vizuri, akaniambia niweke namba yake yeye. Baba hasikii simu mashine ikiwa inalia, hajui kuongea na wateja wa mjini, hajui kutuma picha. Yote kweli. Yeye atapokea oda, atapatana bei, atamtumia baba vipimo. Baba alikuwa amevua miwani anaifuta, hakusema neno. Mama, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, ndiye aliyeniomba niweke simu kwenye sauti ya wazi, akamuuliza mwanawe pesa ya kutanguliza itaingia kwa nani. Kijana akasema itaingia kwake kwanza, halafu ataituma. Mama akasema, mwanangu, basi weka ya baba yako, na wewe ukipata mteja huko umpe namba hiyo.

Wamenipa soda wakaendelea kubishana. Jina nimeshaliweka, na picha, na saa za kazi, na njia inafika mpaka mlangoni. Sehemu ya simu nimeiacha wazi mpaka watakaponipigia.